Tukiandika "nyumba za gharama nafuu" wenye hela hawaji. Tuandike nini?

#1 Mpiga Debe wa Mjengo
Wakuu salaam.

Nipo kitengo cha masoko kwenye kampuni inayojenga na kuuza nyumba hapa Dar, jina niliache. Tuna nyumba 96 za chini, vyumba viwili na vitatu, zote ndani ya ukuta mmoja. Mwaka jana tuliweka bango kubwa barabarani: NYUMBA ZA GHARAMA NAFUU. Wiki tatu nimepokea simu mpaka sikio likawa la moto. Shida ni kwamba waliopiga hawana uwezo wa kununua, na wenye uwezo hawakupiga. Dada mmoja anafanya kazi benki, nilipomfuata mwenyewe akaniambia, "Kaka, nihamie nyumba za nafuu watu waseme nimefulia?" Mpaka leo tumeuza 11.

Bosi ameagiza jina jipya. Anataka la Kizungu, liishie na Heights. Nimemwambia pale ni tambarare, hakuna hata kichuguu. Akasema wateja hawanunui udongo, wananunua hadhi.

Madai yangu: neno "nafuu" ndilo linalomfukuza mtu wa kipato cha kati. Nipingeni.

#2 Tofali la Nchi Sita
Nafuu ni neno la wodini. "Mgonjwa anaendeleaje?" "Ana nafuu." Maana yake hajapona huyo.

#3 Bwana Hesabu
Mleta uzi umeficha bei, sijui kwa nini. Basi nichukue mfano wangu, nyumba ya milioni 70. Mnunuzi anatoa asilimia 10 mfukoni, yaani milioni 7, anakopa 63. Riba asilimia 15 kwa mwaka, ambayo kwa mkopo wa nyumba hapa kwetu wala si mbaya. Muda miaka 20. Rejesho linakuja kama 830,000 kila mwezi. Jumlisha mpaka siku ya mwisho: umewapelekea benki milioni 199 na ushee.

Umekopa 63 umelipa 199. Hapo hata uiite Pepo ya Firdausi, mtu anakwenda kutafuta kiwanja.

#4 Kijana wa Goba
Nakazia #3. Kwa milioni 199 najenga, nachimba kisima, na hela ya kuoa inabaki.

#5 Mama Kulwa
#4 mdogo wangu, unajenga na fundi yupi? Mimi nilianza msingi kwa hesabu ya "miaka mitatu nahamia". Fundi wa kwanza alikimbia na nondo. Wa pili akaweka lenta imepinda, ikabomolewa. Miaka tisa nimelipa kodi ya nyumba huku boma langu limeota mpapai sebuleni, na ulizaa kabisa. Hizo kodi za miaka tisa mbona hamzitii kwenye hesabu? Mnapenda kupiga riba ya benki, riba ya fundi hamuioni.

#6 Tofali la Nchi Sita
Mpapai sebuleni 😂 hiyo ndiyo bustani ya ndani.

#7 Mkopeshaji Mpole
Hesabu ya #3 iko sahihi, ila amechagua muda unaotisha. Chukua mkopo uleule wa milioni 63, riba ileile, ulipe kwa miaka 10. Rejesho linakuwa kama 1,016,000. Umeongeza 187,000 hivi kwa mwezi, lakini jumla inashuka kutoka 199 hadi 122. Watu wa masoko hawaonyeshi mistari hiyo miwili pamoja.

Kinachowaangusha wateja wangu ni theluthi. Mwajiriwa hatakiwi kukatwa zaidi ya theluthi mbili za mshahara wake. Kwa rejesho la 830,000 anatakiwa awe na mshahara wa 1,250,000 hivi, na asiwe na deni jingine linalokatwa. Nitajie mtumishi asiye na mkopo wa kitu chochote, nimnunulie soda.

Na tusisahau tulikotoka. Sheria ya mikopo ya nyumba tunayoitumia ni ya 2008, na TMRC, ile kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya nyumba, ni ya 2010. Kabla ya hapo benki ingechukua amana ambayo mwenyewe anaweza kuifuata mwakani, ikukopeshe wewe kwa miaka 20? Nani angelala usingizi?

#8 Kijana wa Goba
Soda gani? Mimi sina mkopo.

#9 Mkopeshaji Mpole
#8 nimesema mtumishi. Wewe una kazi?

#10 Kijana wa Goba
Tuendelee na mada.

#11 Mzawa wa Kigamboni
Mleta uzi, jina halijawahi kuuza nyumba. Barabara ndiyo inauza. Kibada hapa tulikuwa tunachekwa, "nani atavuka pantoni kwenda kulala porini?" Daraja la Nyerere likafunguliwa 2016, waliocheka wakaanza kuuliza viwanja. Jina ni lilelile Kibada. Na kumbukeni Kibada ilianzishwa na Shirika la Nyumba.

#12 Mzee wa Ramani
#11 nikusahihishe. Shirika la Nyumba walijenga nyumba Kibada, ni kweli, lakini walikuta mji umeshapimwa. Kibada ni mtoto wa ule mradi wa viwanja 20,000 wa mwaka 2002, pamoja na Tuangoma, Gezaulole, Bunju, Mbweni na wenzao. Watu walinunua viwanja kwanza, nyumba za shirika zikafuata.

Na hapo ndipo ninapopingana na wote mliotangulia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda ya mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 70, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Serikali ilipima, ikachora barabara, ikaleta maji, ikasema jengeni wenyewe. Nenda leo uone nani anaishi Sinza. Mtanzania wa kipato cha kati anajua kununua kiwanja kilichopimwa. Hajafundishwa kununua nyumba iliyokwisha. Kampuni yako inauza kitanda kwa mtu aliyezoea kununua mbao.

#13 Dada wa Tabata
#12 umenena, lakini mimi ndiye huyo mnayemjadili, kwa hiyo naomba niseme. Naajiriwa, mume anaajiriwa, watoto wawili. Tumekwenda kuangalia nyumba za namna hiyo sehemu tatu. Hakuna niliyoikataa kwa jina.

Ya kwanza niliuliza, nikifiwa turubai naliweka wapi? Kijana wa mauzo akaniangalia kama nimemtukana. Kati ya nyumba na nyumba pana mita tatu, mbele ni maegesho ya gari moja, na sheria za mtaa zinakataza shughuli za usiku. Mimi mama yangu ana miaka 78. Msiba wa mama yangu nikaufanyie ukumbini kama send-off?

Ya pili jiko liko wazi na sebule. Kwenye picha linapendeza. Sasa kaanga dagaa uone. Mgeni anaondoka ananuka kama amevua yeye.

Ya tatu ilikuwa nzuri kweli, mume alishaanza kupanga kochi. Nikauliza, naruhusiwa kuongeza chumba cha uani baadaye? Hairuhusiwi, inaharibu mwonekano. Kufungua fremu ya duka ukutani? Hairuhusiwi. Kuku watano? Alicheka. Sasa kaka, mshahara wangu wa kati unaitwa wa kati kwa sababu kuna fremu inausaidia. Mnanitaka nilipe milioni zenu halafu mnanizuia njia ya kuzipata.

#14 Mama Kulwa
#13 umeongea mpaka nimesimama. Turubai! Wasanifu majengo hawafiwi?

#15 Mpiga Debe wa Mjengo
#13 asante sana, nimenakili kama ilivyo. Suala la turubai halijawahi kutajwa kwenye kikao hata kimoja. Ila ruhusa ya kuongeza vyumba ni ngumu. Tukiruhusu, ndani ya miaka miwili hakuna nyumba inayofanana na jirani yake.

#16 Mwana wa Buru
Hamjambo ndugu, naandika kutoka Nairobi. #15, hizo nyumba kutofanana si ugonjwa. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 70 kwa ajili ya watu wa kipato cha kati hasa, nyumba zimepangwa safi, fezi ya kwanza hadi ya tano. Njoo leo. Huyu ameongeza ghorofa, yule amefungua saluni getini. Wataalamu wanalia, lakini wenye nyumba wamelipia watoto karo.

Kuhusu jina, huku serikali iliita tovuti ya mpango wake wa nyumba Boma Yangu na watu wamelizoea. Na tabaka zimeandikwa kwenye sheria ya 2024: ukipata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wewe ni wa nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 nyumba za bei nafuu, zaidi ya hapo ndipo unaitwa tabaka la kati. Za Kenya hizo, msichanganye. Kwa hiyo huku mtu mwenye 140,000 kisheria ni "nafuu" na hajisikii vibaya. Anachonung'unikia ni ile asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba inayokatwa kwenye mshahara hata kama hataki nyumba yao.

#17 Tofali la Nchi Sita
Subirini kwanza. Boma Yangu??? Kenya wanawauzia watu boma?

#18 Mama Kulwa
Langu lipo, na mpapai wake. Wawasiliane nami.

#19 Mwana wa Buru
Mbona mnacheka? Boma ni nyumbani, ni kwenu, mahali pa ukoo wako.

#20 Mzee wa Ramani
#19 ndugu yangu, huku kwetu boma ni nyumba iliyoishia kwenye kuta. Haijapauliwa. Ukimwambia Mtanzania "njoo uchukue boma lako" atauliza bati nani ananunua. Mleta uzi, hapo umepata somo la bure: jina linalouza Ngara ya Nairobi linaweza kuzika mradi Chanika.

#21 Msomaji Kimya
Mimi nadhani "kipato cha kati" ndiyo yenye utata kuliko hata "nafuu". Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza nchi ya uchumi wa kati, mwenye nyumba wangu akapandisha kodi mwezi huohuo. Mimi nilibaki palepale.

#22 Bwana Hesabu
😂😂 #21 ulipandishwa daraja bila taarifa.

Turudi. Kuna kitu hakijaguswa: VAT. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa VAT kwa nyumba mpya ya makazi inayouzwa na kampuni za uendelezaji isiyozidi milioni 50. Sasa angalia ngazi ilivyokaa. Nyumba ya milioni 50, unalipa 50. Nyumba ya milioni 55, ongeza asilimia 18, unalipa 64.9. Milioni tano za thamani zimekugharimu karibu 15. Mtu wa kipato cha kati anaishi hapohapo kwenye huo ukingo. Chini ya 50 nyumba inamwonea udogo, juu ya 50 kodi inamwonea ukubwa.

#23 Mpangaji Aliyenusurika
#22 hapo kwenye VAT umenitonesha. Kampuni moja, siitaji, ilitangaza bei kwenye kipeperushi, herufi kama za bango la kampeni. Nikauza gari. Siku ya kusaini ndipo nikaona chini kabisa, kwa herufi za dawa ya malaria, "bila VAT". Nikauliza gharama za mkataba, hizo nazo pembeni. Ada ya huduma ya kila mwezi ya ulinzi na taka, nayo pembeni. Nilirudi nyumbani kwa daladala, gari sina, nyumba sina.

Kwangu mimi jina si kitu. Niambie bei ya mwisho, ile ambayo nikiitoa napewa funguo.

#24 Mpemba wa Muscat
Assalaam alaykum. Niko Oman, nimejenga Unguja kwa kutuma pesa kwa ndugu, yaliyonikuta nayaacha. Sisi wa nje ndio mngetulenga. Hatuna muda wa kumfuata fundi, na nyumba iliyokwisha inatufaa. Lakini tunaogopa karatasi. Nyumba za kwenye ghorofa unamiliki nini, hewa?

#25 Mkopeshaji Mpole
#24 kwa Bara ipo Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, unapata hati ya sehemu yako. Benki inaipokea kama dhamana. Zanzibar wana sheria yao wenyewe ya mambo hayo. Usilipe hata shilingi kabla hujaiona hati mama ya kiwanja.

#26 Mpemba wa Muscat
Ahsante. Na mkitafuta jina angalieni Michenzani. Yale majumba marefu ya enzi za Karume, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu hawakungoja mtaalamu wa chapa. Yakaitwa Majumba ya Maendeleo. Jina likaja na fahari yake, hata maji yalipokuwa hayapandi juu.

#27 Mzawa wa Kigamboni
Nakubali sahihisho la #12. Lakini #26 amenikumbusha Magomeni Kota. Zile kota za zamani zilibomolewa, yakajengwa maghorofa ya kisasa kwa kaya 644, Rais Samia akayazindua Machi 2022. Hakuna aliyeita Magomeni Heights. Wanaita Kota mpaka leo, na sijasikia mtu anaona aibu kusema anakaa Kota. Kwa hiyo mleta uzi, je, neno duni linakuwa duni lenyewe au jengo ndilo linaliangusha?

#28 Dalali wa Zamani
#27 huo mfano hautufai. Kota wale ni wakazi wa tangu zamani, hawakutafutwa kwa bango. Mteja wa mleta uzi anatoka kwenye nyumba ya kupanga Kinondoni na anatakiwa ashawishike.

Nimefanya udalali miaka 17, niwape yangu. Mwanaume anauliza bei na hati. Mwanamke anauliza maji, shule na jirani. Anayeamua ni mwanamke. Mabango yote yanaongea na mwanaume: "miliki", "wekeza", "hadhi". Weka bango limeandikwa MAJI YANATOKA SAA 24 uone foleni. Ila yawe yanatoka kweli.

Na hizo picha za kompyuta mziache. Bango moja nililiona kuna mzungu anatembeza mbwa kwenye majani, nyuma kuna miti ya Krismasi. Mradi wenyewe uko Chamazi.

#29 Kijana wa Goba
Yule mzungu ndiye mnunuzi wa ile nyumba ya 12. Hajafika tu, yuko kwenye mwendokasi.

#30 Mpangaji Aliyenusurika
Halafu "dakika 20 kutoka mjini". Kwa chombo gani?

#31 Mwana wa Buru
Hiyo ya dakika tunayo pia huku, kila ploti ya Kitengela iko dakika tano kutoka lami. Nadhani ni mjukuu mmoja wa dalali anayeandika pande zote mbili za mpaka.

#32 Mzee wa Ramani
Bado sijaona aliyejibu hoja yangu ya kitanda na mbao. Mbona mpangaji mnunuzi inawavuta watu? Kwa sababu inafanana na kujenga kidogokidogo. Unalipa, unaingia, unalipa, siku moja ni yako. Shirika la Nyumba wameitumia, Watumishi Housing wanaitumia. Mtu anasikia mdundo anaoujua.

#33 Mkopeshaji Mpole
#32 inavuta, ndiyo. Ila uliza ukikwama mwaka wa nane ulicholipa kinahesabiwa kuwa kodi au sehemu ya bei. Mikataba haifanani, na kwenye baadhi jibu litakuliza.

#34 Dada wa Tabata
Mimi naona hofu ni kubwa kuliko yote mliyoyataja. Kila anayekwenda Kigamboni anayaona yale majengo ya Dege. Zilipangwa nyumba zaidi ya 7,000, mradi ukasimama, kuta zimekaa miaka na miaka zinatazama bahari. Hilo nalo ni bango, na hamkulilipia. Mtu akiliona halafu umwambie "lipa asilimia 30 sasa, nyumba miezi 18 ijayo", anakumbuka. Jengeni kumi, wekeni watu, taa ziwake usiku. Taa za madirishani zinauza kuliko msemo wowote.

#35 Kijana wa Goba
Mtu asiye na mtoto na asiye na mama mgonjwa je? Mbona mnampangia kila mtu msiba? Mimi nataka studio ndogo, intaneti kali, nisisumbuliwe. Ghorofa la tano poa tu.

#36 Mama Kulwa
#35 utamalizia kuoa na zile hela za #4 halafu urudi kutuuliza habari za uani.

#37 Mpiga Debe wa Mjengo
Wakuu mrejesho. Kikao kimefanyika leo. Nilipeleka hoja za turubai, bei ya mwisho na maji. Turubai imepita kwa njia ya ajabu: kile kiwanja cha watoto kitaandikwa "eneo la shughuli za kijamii", kisiwekewe mabembea katikati. Maji wamesema tusiandike saa 24, tuandike "ya uhakika". Nafuu imeondoka rasmi. Jina tumepigia kura, Heights imeshinda kwa kura moja, ya bosi.

#38 Tofali la Nchi Sita
Nipeni mwezi mmoja nipeleke malori ya kifusi, tuwatengenezee kilima.

#39 Dalali wa Zamani
"Ya uhakika" maana yake ni mara mbili kwa wiki.

#40 Mgeni wa Jiji
Habari zenu. Nimesoma kuanzia mwanzo. Mimi na mke wangu tunatafuta kweli, akiba tunayo na barua ya benki tumeshapata. Hizi nyumba ziko wapi, na ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi, VAT ndani?

#41 Mpiga Debe wa Mjengo
#40 karibu sana mkuu. Njoo inboksi.

#42 Mpangaji Aliyenusurika
INBOKSI TENA 😂😂😂

#43 Bwana Hesabu
Jibu namba 41, mwaka mzima, nyumba 11. Nilisema tangu #3.

#44 Mgeni wa Jiji
Basi naomba niulize mengine. Ile ya Kibada, viwanja bado vinapatikana?